Ovaflo ya Maow

Maow Alio ni dereva wa lori la maji, na kama kuna mtu Garissa aliyepaswa kuyachoka maji, ni yeye. Alfajiri analijaza tangi la lori, anakamata barabara ya Dadaab, anamimina huko, anarudi na tangi tupu, anajaza tena. Kutwa nzima anayasikia maji yakigonga bati nyuma ya kisogo chake. Wenzake wakifika nyumbani hata kunawa uso wanaona ni kazi ya ofisini. Yeye akifika nyumbani anavuta kiti mbele ya tangi jingine, la kioo, anakaa kuyatazama maji mengine.

Tangi hilo lilimjia kwa njia ya halali. Afisa mmoja wa shirika la misaada alimaliza kandarasi yake Dadaab, akawaambia watu waje wachukue vyombo vyake bure. Mmoja akachukua friji, mwingine sofa, mlinzi wa lango akang'oa mapazia pamoja na vyuma vyake. Maow alikuja mwisho kwa sababu alikuwa bado anamimina maji. Alikuta nyumba imebaki kuta, na kwenye kona tangi la kioo lenye samaki watatu wa rangi ya chungwa, wanamwangalia kama abiria walioachwa na basi. Akaliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda wa usalama ambao yeye mwenyewe hajawahi kuufunga tangu apewe leseni. Njiani akawapa majina ya vituo: Liboi, Modogashe, na yule mnene mwenye macho ya kutokeza, Habaswein.

Mtaani Bulla Iftin watu walikuja kuangalia, kisha wakakaa kimya, kimya cha kumsitiri mwenzao. Ogle, jirani yake mwenye duka la mabomba na misumari, ndiye aliyesema kilichokuwa vichwani mwa wote. Aliuliza: hawa hamuwali, hamuwakami, hamuwauzi, na hata kuwapeleka malishoni hamuwezi. Sasa ni mifugo au ni wageni?

"Ni wageni," Maow akamjibu.

"Basi mpe mgeni chai, warya. Umemtia kwenye beseni."

Mke wa Maow, Nasteho, anauza nguo sokoni, na ana ulimi ambao ungeweza kukata bomba la chuma. Yeye hakuwachukia samaki. Alichokuwa nacho ni zulia. Zulia lenyewe jekundu, zito, lenye maua ya dhahabu, limetandikwa sebule nzima kuanzia mlangoni hadi chini ya meza ya tangi. Mama yake, Darare, alimuuza ngamia jike huko Eldas kumnunulia binti yake zulia hilo alipoolewa, na ngamia yule alikuwa na jina, na jina hilo hutajwa kila mtu anapotaka kuingia na viatu.

Sasa shida ilianza na uunsi. Kila jioni Nasteho hufukiza uunsi, udi uliochanganywa na sukari na marashi, moshi unajaa nyumba, nguo zinanukia, roho inatulia. Moshi ule ulikuwa unashuka juu ya maji ya samaki na kulala pale. Ongeza vumbi la Garissa, ambalo huingia hata kwenye yai. Baada ya muda juu ya tangi kukawa na utando wa mafuta kama supu iliyopoa, na akina Habaswein wakawa wanakuja juu kutafuta hewa kwa midomo ya watu wanaoomba radhi. Maow hakuwa mjinga wa kumwambia mkewe aache kufukiza. Kumwambia mwanamke wa Garissa asifukize uunsi nyumbani kwake ni kumwambia ahamie hotelini.

Akaingia kwenye simu. Aliangalia video za wazungu wanaofuga samaki. Picha alizielewa, matamshi akamwachia Mungu. Alichokamata ni hiki: uchafu wa juu hauchotwi, unaachwa umwagike wenyewe. Unaweka ovaflo kama ile ya tangi la darini. Maji ya juu yanavuka ukingo, yanashuka kwenye beseni chini ya meza, yanapita kwenye sponji, halafu pampu ndogo inayarudisha juu yakiwa masafi. Mzunguko hauishi.

Njia ya kwanza ya kuweka ovaflo ni kutoboa kioo. Alijaribu kwanza kwenye kioo cha meza ya chai, kwa dirili ya Ogle ambayo kazi yake ni kutoboa zege. Kioo kilimwagika sakafuni kama sukari. Nasteho alitoka jikoni, akaangalia ile meza iliyobaki miguu, akaenda kusimama mbele ya tangi la samaki mikono kiunoni. Maow akarudisha dirili.

Kwa hiyo ovaflo ikabidi ikae nje: maji yapande yenyewe, yavuke ukingo, yateremke. Hapo Maow alicheka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Dereva gani wa lori hajui kuvuta dizeli kwa mpira? Akakata kipande cha mpira, ncha moja ndani ya tangi, nyingine mdomoni, akavuta. Alimeza funda zima la maji ya samaki, na bismillahi ikafuata ikiwa imechelewa. Lakini maji yakaja. Pampu ikanguruma, maji yakazunguka, Maow akaenda kuswali akiwa mtu mwenye furaha.

Alipokuwa anaswali, umeme ukapotea.

Pampu ilikata, mpira haukukata. Mpira hauna habari ya umeme. Uliendelea kuvuta mpaka beseni la chini likajaa, likafurika, na zulia likaanza kunywa. Maow aliporudi, akina Habaswein walikuwa wamelala ubavu kwenye kina cha sahani ya chai, na Nasteho amesimama kwenye ua la dhahabu lililolowa, amekunja gauni lake la dirac hadi magotini.

"Sikiza Maow," alisema taratibu, na upole wake ndio uliomtisha. "Siku zulia hili likilowa tena, hawa wageni wako nawapeleka Tana. Wakasalimiane na mamba."

Maow alimjua mkewe. Hakuwahi kutishia jambo asilolitekeleza. Hata kuolewa naye kulianza kama tishio.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kufikiri. Aliendesha akifikiri, alikula akifikiri. Akipata wazo anashuka na kulichora kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa lori: visanduku viwili, mishale kwenda, mishale kurudi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja aliutazama ule mchoro kwa muda, akamwambia ashuke aeleze hiyo ni ramani ya wapi. Maow akasema ni ya sebuleni kwake. Askari akaita mwenzake. Maow aliwaeleza tangi, utando, uunsi, mpira, zulia na mamba, jua likimchoma kipara, foleni ya magari ikirefuka nyuma. Mwisho wake yule askari alimuuliza kama mtambo huo unaweza kuzibua sinki.

Wazo lenyewe, lilipokaa sawa, lilikuwa jepesi. Mpira ule ulikuwa na makosa mawili: ukianza hauna mahali pa kukomea, na ukiingia hewa hauanzi tena bila mdomo wa mtu. Dawa ni visanduku viwili. Kimoja kinaning'inia ndani ya tangi, ukingo wake umekatwa meno kama kitana, ili maji ya juu tu ndiyo yaingie, pamoja na utando wake, na samaki wabaki nje. Cha pili kinaning'inia nje ya kioo. Kati yao panapita bomba lililopindwa kama mkono wa ndoo, ncha moja imezama kwenye kisanduku hiki, nyingine kwenye kile. Umeme ukikatika, maji ya tangi yanashuka hadi kwenye meno tu, yanakoma. Visanduku vyote viwili vinabaki na maji, kwa hiyo bomba linabaki limejaa, linasubiri. Umeme ukirudi, pampu inaongeza maji, na safari inaendelea bila mtu kumeza kitu.

Kisanduku cha ndani alikikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, cha nje kwenye jerikeni ndogo. Meno aliyakata kwa msumeno wa chuma, na yalitoka kama ya mzee wa miaka tisini, lakini maji hayajali urembo. Kutoka ubavuni mwa kisanduku cha nje, juu ya kitako chake, aliteremsha mpira laini hadi kwenye beseni, beseni kubwa safari hii, lenye nafasi ya kupokea kila kitakachoshuka. Ogle alimuuzia gundi huku akimuuliza kama mwaka ujao atawajengea samaki choo cha shimo.

Majaribio yalifanyika uani, mbali na maua ya dhahabu. La kwanza liliharibiwa na mbuzi wa jirani aliyekunywa beseni lote, pampu ikabaki inapiga kelele kavu. La pili lilikwenda. Maow akazima, akawasha, akazima, akawasha. Ndipo akaruhusiwa kuingia ndani, na Nasteho mwenyewe akafanya mtihani wa mwisho. Alizima swichi, akaenda kupika anjera hadi zikaisha, akarudi, akawasha. Maji yalinyanyuka, yakapita kwenye meno, yakavuka, yakashuka yakiporomoka kwenye beseni kwa sauti nzuri ya mfereji mdogo. Zulia kavu.

"Haya," alisema Nasteho.

Kwa mtu mwingine hilo ni neno. Kwa Maow ilikuwa shahada. Alitembea mtaani siku hizo kama mtu aliyepandishwa cheo, na aliyemwita injinia kwa kejeli alimwitikia kwa dhati. Alikuwa amefikiria umeme. Alikuwa amefikiria uunsi, vumbi, mbuzi, na hata paka wa Ogle anayewatamani samaki. Hakuwa amemfikiria mama mkwe.

Darare alikuja kutoka Eldas kutibiwa macho. Madaktari walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia, wakalifunga bandeji, wakamwambia apumzike kwa binti yake mpaka wamalizie la kushoto, ambalo lilikuwa linaona vitu kama mtu anayechungulia kupitia maziwa. Akatandikiwa sebuleni, kwenye zulia lake, mgongo ukutani, tangi la samaki upande wake wa kushoto.

Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Ni heshima, na heshima hii haina likizo. Darare akiwa sebuleni, Maow anakaa uani. Akitoka, Maow anageukia ukuta kama amesahau kitu pale. Wakiwa na la kuambiana, linapitia kwa Nasteho. Kwa hiyo kuanzia siku ile Maow hakuiona sebule yake. Alikuwa anaisikia tu. Anakaa nyuma ya pazia la mlango na kikombe chake, anasikiliza maji yakishuka kwenye beseni, anajua wageni wako salama, anakwenda kulala.

Tatizo ni kwamba Darare naye alikuwa anasikia.

Huyu ni mama aliyekulia visimani. Maji ya ujana wake yalipanda kwa ndoo, mkono kwa mkono, na yalifika nyumbani mgongoni mwa ngamia. Katika maisha kama hayo, sauti ya maji yanayochuruzika bila mtu kuyachota ina maana moja tu: chombo kimefunguka mdomo na mtu fulani amelala. Sasa amekaa na jicho lililofungwa, hana la kutazama, na chombo kinavuja sikioni mwake asubuhi, mchana, jioni. Alimuuliza binti yake. Nasteho, akiwa anakimbilia sokoni, akamjibu kwamba ni maji ya samaki, asijali. Darare akakaa akijali. Akasema moyoni kwamba amelea mwanamke mvivu.

Alasiri moja, Nasteho akiwa sokoni, uvumilivu wa Darare ukaisha. Alitambaa akifuata sauti mpaka chini ya meza, akapapasa, akaupata ule mpira laini unaomwaga. Akaukunja. Akavua kitambaa chake cha pili cha kichwa, akaukaza kwa fundo la kufungia vyombo vya maji juu ya ngamia, fundo ambalo kazi yake ni kutofunguka njiani hata mnyama akikimbia. Sauti ikakoma. Darare akarudi kwenye mkao wake, akamshukuru Mola, akasinzia.

Haukupita muda mrefu, Maow akarudi kutoka Dadaab, akamimina chai yake, akakaa nyuma ya pazia. Na kikombe hakikufika mdomoni.

Palikuwa kimya. Pampu alikuwa anaisikia, inanguruma kama kawaida. Sauti ya maji kushuka ndiyo haikuwepo. Akili yake ilichora picha haraka kuliko kidole kwenye vumbi: maji yanapanda, hayashuki. Tangi linajaa. Baada ya tangi ni meza, baada ya meza ni ngamia jike wa Eldas. Alimwita Nasteho. Hayupo. Akatazama uani. Hakuna mtu, hata yule mbuzi.

Mtu wa mjini angesema: mama mwenyewe haoni, si uingie tu. Wazo hilo lilimpitia Maow pia, naye akalitubia papo hapo. Alisimama nyuma ya pazia, akakohoa. Ndani kukawa na mwendo wa mtu anayejifunika vizuri. Basi. Yeye hawezi kumsemesha, wala hawezi kuingia. Hapo ndipo Maow, kwa dhiki, akakumbuka kwamba ndani ya chumba kile kuna mwingine ambaye hana heshima ya kuvunjiwa.

"Habaswein," alisema kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu mzima. "Kama kuna mtu karibu na wewe hapo, mwulize kwa adabu kama ule mpira wa chini ya meza umepatwa na nini."

Kisha sauti ya Darare, kavu, imeelekea kwenye kioo:

"Habaswein, ndiye nani kati yenu sijui. Mwambie huyo anayekohoa kwamba maji yalikuwa yanapotea tangu nije. Nimeyafunga."

"Habaswein, mwambie mama yetu hayapotei. Yanarudi."

"Yanarudi na nani?"

Katika uzoefu wote wa watu wa kwao Maow, yeye mwenyewe akiwemo, maji hayajawahi kurudi bila mtu, punda au lori. "Yanarudi yenyewe, Habaswein. Kuna kijimtambo. Ni yale yale, yanazunguka. Na sasa yanapanda, na yakifika ukingoni yatamwagika kwenye zulia."

Neno zulia lilifanya kazi ambayo fizikia ilikuwa imeshindwa. Alimsikia Darare akinyanyuka, akipapasa kioo kwa kiganja, akigusa ukingo. Kisha akatoa sauti ndogo ya mtu aliyeshika maji mahali asipoyatarajia. Chini ya meza kitu kikadondoka, tone kwa tone.

"Habaswein," alisema Darare, na sasa alikuwa anasema haraka. "Mwambie huyo mtu jicho langu moja wamelifunga madaktari, na hili jingine nimelifumba mwenyewe. Aingie."

Maow alivua kikoi chake cha begani, akajifunika kichwa hadi puani, akageuka, akaingia sebuleni kinyumenyume kama lori linalotafuta kisima. Alifuata ukuta kwa kisigino. Alipofika mezani akapiga magoti, akapapasa, akalipata fundo. Akalivuta. Fundo likakaza. Akalivuta kwa meno. Likakaza zaidi. Fundo lile lilikuwa limevuka nyika za Wajir kizazi baada ya kizazi bila kulegea. Meno ya dereva halikuyaona.

Msomaji mwenye akili ameshakumbuka kwamba pampu ina plagi, na plagi iko ukutani. Injinia hakukumbuka.

"Habaswein, halifunguki," alisema chini ya meza.

"Mwambie aondoe mikono yake."

Darare naye akapiga magoti upande wa pili, jicho amelifumba kwa nguvu hadi shavu limekunjana, akaanza kulitafuta fundo lake kwa vidole. Maji yakawa yanawadondokea wote wawili bila upendeleo. Hivyo ndivyo Nasteho alivyowakuta aliporudi: mumewe amefunikwa kichwa kama mfungwa, mama yake amefumba macho kama anayeapishwa, matako yao yameelekea pande mbili za nyumba, na wote wanamwelekeza samaki la kufanya.

Aliweka mkoba. Akawazunguka. Akang'oa plagi.

Pampu ikanyamaza. Sekunde hiyo hiyo fundo likafunguka mkononi mwa Darare, maji yakaporomoka kwenye beseni, na tangi likashuka hadi kwenye meno na kutulia, sawasawa na ramani ya mlango wa lori. Maow alitambaa kinyumenyume hadi nyuma ya pazia, akakaa pale akisikiliza kama mtu anayesubiri hukumu.

Nasteho aliinama, akaliminya zulia. Kona nzima ililia maji. Ua moja la dhahabu na nusu ya jingine.

"Maow," aliita. "Nilisema nini kuhusu Tana?"

Neno lilikuwa limetolewa na zulia lilikuwa limelowa. Maow alishaanza kuwaza jerikeni gani atawabebea, na kama pale darajani kuna mahali penye mamba wachache.

"Habaswein," Darare alisema, amesharudi kwenye mkao wake, anajikamua shungi. "Kuna binti hapa anataka kukupeleka mtoni. Mwambie zulia hili lilitoka zizini kwangu, na aliyelilowesha ni mimi. Ngamia ni wangu, maji nimeyafunga mimi. Kama kuna wa kupelekwa Tana, anipeleke mimi, nina jicho moja tu la kumsumbua mamba."

Nasteho alimtazama mama yake. Akalitazama pazia. Ulimi unaokata chuma ulitafuta pa kushika, ukakosa.

"Hooyo, unaongea na samaki," akasema hatimaye.

"Nani mwingine wa kuongea naye? Nyinyi hamwelezi mtu kitu. Washa hicho kidude, nisikie yanavyorudi."

Nasteho akarudisha plagi. Maji yalipanda, yakavuka, yakashuka. Darare akasikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha upande, kama anayehesabu mifugo ikirudi jioni. Alisikiliza mpaka adhana ya magharibi, na hakusema kitu tena isipokuwa kumwagiza Habaswein amwambie huyo wa nyuma ya pazia kwamba chai yake imepoa.

Zulia lilianikwa ukutani siku mbili na mtaa mzima ukapita kuliuliza habari. Bandeji ilitolewa, jicho la pili nalo likatengenezwa, na Darare akarudi Eldas akiwa anaona vizuri hata dosari ambazo hazikuwepo. Maow ameongeza tundu dogo kwenye kisanduku cha nje, na mpira wa pili unaopeleka ziada uani, ili siku mtu akifunga wa kwanza maji yapate pa kwenda. Mbuzi wa jirani amelikubali badiliko hilo.

Kila Ijumaa simu inalia kutoka Eldas. Nasteho anasalimiana na mama yake, anaulizwa afya, anaulizwa mvua, halafu anaambiwa aiweke simu kwenye kioo. Anaiweka. Darare anayasikiliza maji kwanza mpaka aridhike kwamba hayajakoma. Kisha anamwuliza Habaswein kama yule mtu wa lori anakula vizuri, na kama anaendesha polepole. Maow, nyuma ya pazia ingawa sebuleni hamna mtu ila mkewe, anamwambia Habaswein ajibu kwamba ndiyo, mama, polepole kabisa.